Kanisa Lisilopigwa Plasta

Mwaka jana niliandika insha ya kurasa nane kuhusu ukweli. Nililipwa shilingi 2,800, na mtu mwingine akaweka jina lake juu.

Wengi wenu mnaijua hiyo kazi. Kama wewe huifanyi, kuna rafiki yako anaifanya. Mwanafunzi aliye ng'ambo anapewa kazi ya darasa, anaiweka mtandaoni pamoja na pesa, halafu kuna mtu Juja au Rongai anakesha akimwandikia. Akaunti haikuwa yangu. Mwenye akaunti alikuwa anakata chake kwanza, mimi nabaki na shilingi 350 kwa kila ukurasa. Usiku huo oda ilitaka nieleze jinsi kanisa la Notre-Dame du Raincy, nchini Ufaransa, linavyoonyesha wazo kwamba jengo halifai kudanganya kuhusu kitu lililojengewa. Makataa yalikuwa saa kumi na mbili asubuhi.

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo kanisa. Nikafungua picha moja kwa simu, bando likiwa karibu kuisha, nikakaa nikiitazama hadi chai ikapoa.

Le Raincy ni mji mdogo mashariki mwa Paris. Kanisa lenyewe ni la parokia tu, si makao ya askofu, na lilijengwa kati ya 1922 na 1923, miaka michache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Parokia ilitaka kanisa, na ilitaka pia kuwakumbuka waliokufa katika mapigano ya Marne ya 1914, ambayo hayakuwa mbali na hapo. Shida ilikuwa ile unayoijua kama umewahi kukaa kwenye harambee ya kanisa: pesa za kujenga kwa mawe hazikuwepo. Kazi ikaenda kwa ndugu wa familia ya Perret, wakandarasi waliojulikana kwa kujenga kwa zege. Auguste ndiye aliyekuwa jina kubwa katika uchoraji. Kanisa likasimama kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo.

Ndani kuna nguzo 28 katika safu nne. Kila moja ina urefu wa kama mita 11, na upana wake chini ni karibu sentimita 43, halafu inazidi kuwa nyembamba kadiri inavyopanda. Ukiikumbatia, mikono yako itakutana upande wa pili. Nguzo hizo ndizo zinazobeba paa lote, ambalo nalo ni zege jembamba lililojipinda. Kwa hiyo kuta hazibebi paa. Na kwa kuwa hazilibebi, Perret hakuona sababu ya kuzifanya nzito. Karibu ukuta wote ni vipande vya zege vyenye matundu ya duara, mraba na pembetatu, vilivyomwagwa kwenye kalibu zilezile tena na tena ili gharama ipungue. Unajua zile bloku za matundu kwenye ngazi za ploti, za kuingiza mwanga na hewa? Ni wazo hilohilo, ila hapa kila tundu lina kioo cha rangi. Jua likipiga, kanisa zima linaonekana kama taa.

Vioo vilitengenezwa na Marguerite Huré, na picha za watu zilizo katikati yake zilichorwa na Maurice Denis. Mojawapo inaonyesha zile teksi za Paris zilizobeba wanajeshi kwenda vitani mwaka wa 1914. Fikiria matatu ya Githurai kwenye kioo cha kanisa, jirani na Bikira Maria. Niliipenda sana hiyo.

Lakini kilichonishika zaidi ni zege. Liliachwa uchi. Hakuna plasta, hakuna rangi, hakuna marumaru. Kwenye nguzo unaona mistari iliyoachwa na mbao zilizolishika zege likiwa bado bichi. Ni kama mtu amekuja misa na nguo za kazi, akaketi kiti cha mbele.

Sisi tumezoea kinyume chake. Tembea mtaa wowote wa Nairobi unaojengwa sasa, uangalie ukuta wa mbele wa kila nyumba. Bloku za kawaida zimebandikwa mawe ya mazeras, sentimita chache tu, ili ukipita barabarani uone nyumba ya mawe. Upande wa nyuma, wanakoanika nguo, ni bloku tupu. Kuna kuta zilizopigwa plasta halafu fundi akachora mistari juu yake, ili plasta ifanane na mawe ambayo yenyewe imeyafunika. Hiyo ya mwisho hunichekesha kila mara, kwa sababu unakuta kweli kuna mawe huko chini.

Usiku huo niliandika yote hayo kwa Kiingereza kizuri. Niliandika kwamba jengo lina wajibu wa kimaadili. Niliandika kwamba kwa Perret kuficha nguzo lilikuwa kosa, na kutengeneza nguzo bandia ulikuwa uhalifu, na huo ulikuwa msimamo wake kweli. Saa kumi na moja na nusu nikatuma. Halafu nikalala, na katikati ya usingizi nikapata jumbe mbili. Moja ilikuwa ya mwenye akaunti: mteja amefurahi. Ya pili ilikuwa ya mamangu: "Mwanangu, akina mama wa jumuiya wanauliza mahafali ni lini, wanataka kujipanga na gari."

Hapo sasa lazima niseme.

Nilitoka chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa na salio, nikazuiwa kufanya mtihani, nikarudi keja nikiwa na mpango wa kurudi muhula uliofuata. Muhula uliofuata nikawa naandikia watu kazi ili nilipe salio, pesa ikawa inaenda kwa kodi, na taratibu nikaacha hata kujidanganya kwamba narudi. Mama hakujua. Kila alipouliza, nilikuwa na jibu ambalo mwanafunzi yeyote wa Kenya atalitambua: kuna alama zimepotea. Zimepotea kweli kwa watu wengi, ndiyo maana uongo huu hukaa vizuri. Kwa miaka miwili alama zangu ziliendelea kupotea, na kule Kitale akina mama wa jumuiya waliendelea kuziombea zipatikane.

Kwa hiyo nilikuwa nguzo bandia mara mbili. Kwa mama nilikuwa nabeba digrii ambayo haipo. Kwa yule mwanafunzi nilikuwa nabeba digrii iliyopo, ila jina la nguzo lilikuwa la mtu mwingine.

Niliendelea kusoma kuhusu Perret hata baada ya oda kuisha, na sasa hakuna aliyekuwa ananilipa. Nadhani nilikuwa natafuta kasoro yake. Nilikuta jambo ambalo halikuwa kwenye insha niliyouza: Auguste Perret naye hakumaliza chuo. Alisomea usanifu katika shule kubwa ya sanaa ya Paris, École des Beaux-Arts, akatoka bila cheti, akaenda kufanya kazi katika kampuni ya ujenzi ya baba yake, ambaye alikuwa mwashi wa mawe. Sitakuambia kwamba hiyo inamaanisha vyeti havina maana. Hizo hadithi za tajiri aliyeacha chuo huwa zinasahau kutaja baba mwenye kampuni, na huyu alikuwa na baba mwenye kampuni. Nilichopenda ni kitu kidogo zaidi. Alijulikana kuwa hana cheti na kazi ikaendelea. Zege halikumuuliza.

Kisha nikakuta kasoro niliyokuwa naitafuta. Mwaka wa 1913, miaka kumi kabla ya kanisa la Le Raincy kukamilika, ndugu wa Perret walijenga ukumbi wa maonyesho Paris, Théâtre des Champs-Élysées. Mifupa yake ni zege. Lakini huo ulikuwa mtaa wa wenye pesa, na watazamaji walikuja na magauni ya hariri, kwa hiyo uso wa mbele ukavishwa mawe meupe na michongo. Zege likakaa ndani, halionekani.

Sasa unaliona swali. Pesa zilipokuwepo, zege lilifunikwa. Zilipokosekana, likaachwa wazi, na baadaye watu wakaliita zege hilo la kweli. Je, ni fadhila kusema ukweli kwa sababu huna pesa ya kununua uongo? Mtu asiyekunywa kwa sababu mfuko ni mtupu hajaacha pombe. Parokia maskini ambayo haikuweza kununua marumaru haijakataa marumaru.

Swali hili lilinikaa kwa wiki kadhaa kwa sababu lilikuwa langu. Nilikuwa nimeanza kujiambia nitasema ukweli nikishapata kazi nzuri, nikiwa na kitu cha kuonyesha. Nikishaomoka, nitasimulia jinsi nilivyoacha chuo, na itakuwa hadithi tamu. Kwa maneno mengine, ukweli nilikuwa nauona kama anasa ya waliofanikiwa. Perret alikuwa ananionyesha upande wa pili, kwamba huenda ukweli ni hali ya waliokosa. Yote mawili yalininyima sababu ya kuusema leo.

Nafikiri jibu liko katika mambo mawili. La kwanza, uongo si lazima uwe ghali. Kuna uongo wa bei ya chini. Plasta yenye mistari ya mawe haigharimu sana, na rangi inayoigiza marumaru inapatikana. Parokia maskini kote duniani zimefanya hivyo na hakuna aliyezilaumu. Le Raincy wangeweza pia. Umaskini uliwalazimisha kutumia zege, lakini haukuwalazimisha kuliacha lionekane. Hapo katikati palikuwa na uamuzi wa mtu.

La pili ni kile kilichofuata. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Perret alipewa kusimamia ujenzi mpya wa mji wa Le Havre, uliokuwa umebomolewa kwa mabomu mwaka wa 1944. Huko hakuwa anatafuta pesa za parokia. Ilikuwa kazi ya taifa. Na alichagua zege, akaliacha wazi, akachagua kokoto kwa rangi zake, mafundi wakaligonga uso kwa nyundo ili kokoto zionekane kama mtu anavyochonga jiwe. Kanisa la Mtakatifu Yosefu huko lina mnara wa mita 107, zege tupu ndani na nje. Yeye alikufa mwaka wa 1954 kabla halijaisha. Kwa hiyo nadhani kilichoanza kwa kukosa kiligeuka kuwa msimamo. Huenda fadhila nyingi huanza hivyo. Mtoto hufundishwa kusema "asante" kabla hajajua kushukuru. Nani ametwambia lazima moyo uwe safi kwanza ndipo tendo lihesabiwe?

Ningeishia hapo, na ingekuwa insha nzuri ya kusema ukweli daima. Lakini nikaenda kufanya mjengo.

Hiyo ni mwezi wa pili mwaka huu, oda zilipokauka. Jirani yangu ni fundi, akanipeleka saiti, nikawa nabeba balasti na kuchanganya. Siku moja tulikuwa tunaandaa slabu. Vyuma vilikuwa vimefungwa tayari, na nikaona vijana wanaweka vipande vidogo vya zege chini yake, kimoja kimoja, kwa mpangilio. Wanaviita biskuti. Nikamuuliza fundi ni vya nini, akaniangalia kama mtu aliyepoteza miaka mitatu chuoni.

"Ni ya kuinua chuma," akasema. "Chuma ikilala kwa mbao, zege haitaifunika. Na chuma isipofunikwa italiwa na kutu. Ikiliwa na kutu inafura, inapasua zege. Nyumba inakufa kutoka ndani."

Nikasimama na karai mkononi. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimeliwaza lile kanisa kama kitu kisichoficha chochote. Lakini zege la aina hii ni mbili: zege linalovumilia kukandamizwa na chuma kinachovumilia kuvutwa. Zile nguzo za sentimita 43 haziwezi kuwa nyembamba hivyo bila chuma ndani. Kitu muhimu kabisa katika kanisa la ukweli hakionekani. Na si kwamba kimefichwa kwa aibu. Kimefunikwa kwa sababu kikiwa nje kitakufa, na kikifa kitaua na kingine.

Jioni nikasoma tena. Hilo ndilo lililolipata kanisa la Le Raincy. Zege lake la bei ya chini lilichoka, maji yakafika kwenye vyuma, vyuma vikashika kutu, zege likaanza kubanduka. Kanisa liliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa mwaka wa 1966, na kabla karne ya 20 kwisha mnara ulihitaji matengenezo makubwa. Tatizo halikuwa kwamba lilikosa plasta. Tatizo ni kwamba chuma hakikuwa na kinga ya kutosha.

Basi kuna kufunika kwa aina mbili, na mimi nilikuwa nimeziita zote uongo. Kuna mazeras: unabandika mbele kitu ili watu waamini wewe ni kitu kingine. Na kuna kinga: unafunika kitu kilicho chako, kinachobeba uzito kweli, kwa sababu hewa itakila. Mtu asiyesimulia msiba wake ofisini hamdanganyi mtu. Msichana asiyemwambia kila anayeuliza kwa nini hajaolewa hajavunja amri yoyote. Kizazi chetu kimeambiwa tuweke kila kitu mtandaoni, hata kidonda ambacho bado kibichi, na tunaambiwa huo ndio ukweli. Huo ni chuma kilicholala kwenye mbao.

Unatofautishaje? Nimejaribu kipimo hiki, na sijui kama kitafanya kazi kwako. Jiulize, ukibandua, ndani kuna nini? Ukibandua mazeras unakuta bloku ambazo zingeweza kusimama vizuri bila hayo mawe. Ukibandua zege unakuta kinachobeba nyumba. Zile alama zilizopotea nilipozibandua nilikuta mtu anayefanya kazi usiku na kulipa kodi, aliyeacha chuo kwa sababu ya salio. Huyo angesimama mwenyewe. Sikuwa namlinda. Nilikuwa nampaka mistari ya mawe.

Nilimpigia mama Jumapili jioni, baada ya misa, nikijua amekunywa chai na ametulia. Nilimwambia yote: salio, mtihani, miaka miwili. Nikamwambia na kazi ya kuandikia watu, ambayo hakuielewa vizuri mwanzoni, akadhani mimi ni karani. Nilipomweleza tena akanyamaza. Halafu akauliza, "Kwa hivyo huko ng'ambo kuna mtu amefanya mahafali kwa kichwa chako?" Nikasema huenda hata ni watu kadhaa. Akasema, "Na mama zao wamefurahi." Hakuwa anacheka.

Alilia kidogo, nikamsikia. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Hao wa jumuiya niachie mimi. Wewe usiwaambie kitu."

Niliacha ile kazi mwezi wa tatu. Mwezi wa tano kodi ilinibana nikairudia kwa wiki mbili, kisha nikaiacha tena. Nakuambia hivyo kwa sababu ningekuambia niliiacha tu, ingekuwa mazeras. Sasa naandika vitu vyenye jina langu, vinavyolipa kidogo na vinavyochelewa kulipa.

Lakini maneno ya mama bado yananisumbua. Juzi alinipigia, nikamsikia mmoja wao nyuma yake akiuliza kama alama zimepatikana. Mama akajibu, "Mungu anafanya," akabadilisha mazungumzo. Sijui kama hiyo ni plasta au ni kinga. Huenda kwake mimi ndimi chuma, na ananishikilia mbali na mbao mpaka zege lishike. Au anaona aibu, kama nilivyoona mimi, na tumegawana tu uongo uleule sasa tukiwa wawili. Kwa nje huwezi kujua. Ni yeye tu anayejua ndani kuna nini, na sijapata ujasiri wa kumuuliza.